Mfumo wa kuidhinisha maombi upo na unafanya kazi, ila watu bado wanabeba karatasi Mafinga hadi Iringa. Tatizo liko wapi?

#1 FundiMifumo_Iringa
Kamwene wakuu. Niende moja kwa moja. Nipo kwenye kampuni ya mbao, ofisi kuu Iringa mjini, kiwanda Mafinga, stoo Makambako na duka Mbeya. Mwaka jana tulijenga mfumo wa ndani, mfanyakazi anaingia kwa imeili yake ya kazini anakuta matangazo, nyaraka, fomu ya likizo, masurufu ya safari, manunuzi, ombi la dizeli, kila kitu sehemu moja. Ukishajaza ombi linakwenda lenyewe kwa msimamizi, likitoka hapo kwa mhasibu, likizidi kiwango linapanda kwa meneja mkuu, likipita mwombaji anapata ujumbe. Nimetumia SharePoint (sehemu ya Microsoft ya kuweka nyaraka na orodha) na Power Automate (inayosogeza ombi lenyewe kutoka mtu hadi mtu) kwa sababu leseni tulikuwa tunazilipia tayari kwa ajili ya imeili.

Nimefundisha watu, nimezunguka matawi yote, nimebandika maelekezo ukutani. Juzi natoka Mafinga kurudi Iringa, kwenye basi nimekaa na kijana wetu wa stoo, kapakata bahasha ya kaki. Namuuliza unaenda wapi, ananiambia napeleka ombi la dizeli likasainiwe. Nikafungua simu, ombi lile lile lipo kwenye mfumo, lina siku 4 linasubiri. Niliishiwa maneno, tukanyamaza wote hadi Ipogolo.

Naomba mnisaidie kufikiri. Mtu anatumiaje nauli na nusu siku ya kazi wakati kitufe kipo?

#2 Kinyanambo_Boy
Jibu ni moja tu mkuu, meneja hautaki huo mfumo. Ombi siku 4 halijaguswa maana yake wa juu hafungui. Kijana wa stoo hana kosa, yeye anataka dizeli.

#3 DadaWaUyole
Kinyanambo usimhukumu bosi wa watu mapema hivyo. Mleta mada mi nimepitia hili hili, Mbeya, kampuni siitaji. Fomu yetu ya manunuzi ya karatasi ilikuwa na saini 5: mwombaji, msimamizi, stoo, mhasibu, mkurugenzi. Tukaichukua vilevile tukaiweka kwenye kompyuta, saini 5 kwa mpangilio ule ule, tukapongezana. Kumbe kwenye karatasi saini ya stoo huwa inapigwa mwishoni kabisa mzigo ukishafika, kila mtu analijua hilo ila halijaandikwa popote, kwenye fomu sehemu yake ilikuwa ya tatu kwa sababu tu nafasi ilitosha pale. Mfumo ukawa unamsubiri mama wa stoo akubali kabla ombi halijaenda kwa mhasibu. Maombi yalijaa kwake na yeye anashangaa, anasema naulizwa nimepokea mzigo ambao haujanunuliwa, nikisema ndiyo si ntakuwa nimedanganya?

Wiki tatu hatukujua. Tulikuwa tunamlaumu mkurugenzi.

Kwa hiyo swali langu kwako, wakati unajenga ulikaa na watu wanaojaza zile karatasi au ulipewa fomu tupu?

#4 FundiMifumo_Iringa
DadaWaUyole asante, hapo umenigusa. Nilipewa fomu tupu. Nilikaa na wakuu wa idara kikao kimoja, asubuhi tu.

#5 MamaStoo
Habari zenu wanangu. Mimi siyo mtu wa kompyuta ila ni mtunza stoo mwaka wa 14 sasa, kwingine siyo huko kwenu. Nitawaambia kwa nini napenda karatasi. Nikimpelekea mtu karatasi namwona usoni, ananiambia mama hapa ongeza namba ya gari, hapa umekosea hesabu, narekebisha pale pale mezani kwake tunamaliza. Kwenye mfumo nilituma ombi la vipuri vya trekta likarudi limeandikwa "limekataliwa", basi, hakuna neno lingine. Nikadhani hela hakuna nikatulia. Trekta limekaa siku 3 shambani, msimu wa kulima huo mnaujua wenyewe. Siku ya nne nakutana na mhasibu kantini ananiambia mama si ungeandika tu namba ya trekta nikupitishie. Namba ya trekta jamani! Nilisikitika sana siku ile maana waliolaumiwa ni watu wa shamba.

Halafu simu ni yangu na bando ni langu. Karatasi ya ofisi inanunuliwa na ofisi.

#6 Kinyanambo_Boy
Mama shikamoo. Hiyo ya bando nakuunga mkono, huku kiwandani tulikuwa tunaambiwa ingieni kwenye mfumo na waifai ipo kwenye jengo la utawala tu, mtu wa misumeno atoke huko na vumbi lake akasimame dirishani kwa HR kutafuta neti.

#7 BaridiYaMakete
Wakuu mnazungumzia simu janja. Huku kwetu wasimamizi wa mashamba wengi wana kitochi, na siyo kwamba wamekosa hela ya simu kubwa, kitochi kinakaa na chaji wiki na kinadumu kwenye mvua. Huyo umemuweka kwenye hatua ya kwanza ya kuidhinisha halafu ujumbe unaenda kwenye imeili. Yeye imeili yake ya kazini ilifunguliwa siku ya mafunzo na hajaifungua tena.

Sisi tulichofanya ni kumuunganishia SMS. Mfumo unamtumia "Ombi 118, lita 40, trekta la chai, jibu 1 kukubali 2 kukataa", anajibu 1 basi. Tulilipia huduma ya kutuma SMS kwa wingi yenye namba ya kupokea majibu. Ilichukua muda kuipata na kuunganisha ila baada ya hapo wale wazee ndo wakawa wanajibu haraka kuliko watu wa ofisini.

#8 MzeeWaKabwe
Nawasalimu. Nimeanza na hivi vitu zamani kidogo, SharePoint yenyewe ilitoka 2001, mi nimeikuta ile ya 2007, tulikuwa tunachora fomu kwa InfoPath na mtiririko, yaani hatua za ombi kutoka mtu hadi mtu, kwa SharePoint Designer. Tatizo hili la mleta mada lilikuwepo tangu wakati huo na halikuwa la teknolojia. Ila nataka kutoa tahadhari kwa wenye mifumo ya zamani: InfoPath ya 2013 ndo ilikuwa ya mwisho, Microsoft walilisema hilo 2014, na mwisho wa msaada wake ni 14 Julai 2026. Ile mitiririko ya SharePoint 2013 kwa walioko kwenye wingu mwisho wake ni 2 Aprili 2026. Nimeona ofisi mbili huku Mbeya fomu ya likizo iko kwenye InfoPath na hakuna aliyebaki anayejua ilivyotengenezwa. Hameni. Power Automate ilipokuja 2019 mi nilihamisha zote.

#9 Nyasa_Coder
Mzee heshima yako, rekebisho dogo. Ilikuja 2016 ikiitwa Microsoft Flow, 2019 ndo ikabadilishwa jina.

#10 MzeeWaKabwe
Sawa kijana, ni kweli. 2019 ndo nilipoanza kuitumia.

#11 Nyasa_Coder
Sasa kwa mleta mada, mi ningeanza na mambo ya kawaida kabla ya kwenda kwenye tabia za watu. Angalia haya.

Kwanza ule mtiririko umeutengenezea akaunti ya nani? Ukiujenga kwa akaunti yako miunganisho inakuwa ya kwako. Sehemu moja nilikofanya kazi aliyeujenga aliacha kazi mwezi wa pili, IT wakafunga akaunti yake kama utaratibu unavyotaka, maombi yakawa yanaingia kwenye orodha yanakaa. Mwombaji anaona "limetumwa". Bosi haoni chochote kwa sababu hakuna kilichomfikia. Bosi anadhani watu hawaombi, watu wanadhani bosi kanuna. Ilienda hivyo hadi mtu mmoja akakosa likizo ya uzazi ya mkewe ndo kelele zikaanza.

Pili mtiririko mmoja hauwezi kuishi zaidi ya siku 30. Ombi likisubiri saini likapita siku 30 linakufa kimya kimya, hata akija kubofya siku ya 31 hatua zinazofuata haziendi. Bosi akisafiri mwezi mzima umekwisha. Hii haipo kwenye mafunzo mengi, utaijua ikikukuta.

Tatu, ulichagua wote waidhinishe au yeyote atakayewahi? Kama umeweka wahasibu wawili kwa mpango wa wote, mmoja akiwa likizo kila kitu kinamsubiri.

#12 FundiMifumo_Iringa
Nyasa asante sana. Nimekimbia kuangalia. Akaunti ni ya kwangu, hilo nalibadilisha kesho. Wahasibu niliweka wote wawili waidhinishe, na kweli mmoja yuko masomoni tangu Oktoba. Lakini ombi lile la dizeli halikukwama kwa wahasibu, lilikwama hatua ya kwanza kwa msimamizi wa kiwanda. Na huyo yupo, ana simu nzuri, na asubuhi hiyo hiyo aliingia kwenye mfumo kuangalia tangazo la bonasi. Kumbukumbu zinaonyesha.

#13 Kinyanambo_Boy
Nilisema mimi!

#14 Mwanjelwa_Express
Kinyanambo tulia basi, bado hujashinda 😀

Kuna kitu kidogo naomba kukiuliza. Ule ujumbe wa kumkumbusha unamfikia saa ngapi? Nauliza kwa sababu mi niliweka ukumbusho uende saa 8:00 nikijua ni saa 2 asubuhi watu wakiwa wanafungua kazi. Sikugusa sehemu ya majira, ikabaki UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo ikawa inafika saa 5 asubuhi yetu. Saa 5 pale sokoni ndo magari yanashusha, hakuna anayeshika simu. Miezi miwili nasema watu hawajali ukumbusho. Nilipobadilisha majira yakawa ya Nairobi, majibu ya asubuhi yakaanza kuja.

#15 FundiMifumo_Iringa
Daah. Ngoja nikaangalie na hiyo.

#16 KaranaMkuu
Wakuu mimi nimekuwa katibu muhtasari, ngoja niwape upande ambao hamuuoni. Mabosi wengi nywila yao iko kwa katibu muhtasari. Yeye ndo anafungua, anasoma, anamwambia bosi kuna maombi matano, bosi anasema pitisha matatu, hayo mawili aje mwenyewe. Katibu anabofya. Kwenye mfumo inaonekana bosi kaidhinisha saa 4 na dakika 10 wakati saa hiyo yuko njiani Igawa. Sasa siku katibu anaumwa, ofisi nzima imesimama na mtu wa IT anatafuta kosa kwenye seva.

Mnaojenga mifumo mnaandika jina la meneja kwenye kiboksi. Wekeni na sehemu ya kukaimu! Kwenye karatasi ikiandikwa "kny" kila mtu anaelewa nani kasaini kwa niaba ya nani. Kwenye mifumo yenu hilo halipo kwa hiyo watu wanaazimana nywila, halafu likitokea la kutokea anayebeba msalaba ni binti wa mapokezi. Nimeliona kwa macho yangu, aliachishwa kazi kwa ombi ambalo aliambiwa kwa mdomo alipitishe. Hili linaniuma mpaka leo.

#17 DadaWaUyole
KaranaMkuu pole, na umesema jambo zito. Hapa tusipite haraka. Kukaimu ni lazima kuwe kwenye mfumo tangu siku ya kwanza, na kumbukumbu iandike majina mawili, aliyebofya na anayewakilishwa.

#18 Mkaguzi_Ndani
Nasoma kimya nimeshindwa kuvumilia. Sababu nyingine ya karatasi ni sisi wakaguzi, niseme ukweli. Kuna ofisi mkaguzi akifika anasema nipe vocha yenye saini, ukimwonyesha kwenye skrini anasema chapisha. Ukichapisha anauliza mbona haina muhuri. Mhasibu akishaulizwa hivyo mara moja, mwaka unaofuata anadai karatasi kwa kila kitu hata kama mfumo upo, na huwezi kumlaumu.

Ila watu waelewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Ninachohitaji kama mkaguzi ni kujua nani, lini, alikuwa anaona nini wakati anakubali, na kwamba hakuna aliyebadilisha baadae. Mifumo mingi niliyokagua inanionyesha nani na lini. Hiyo ya tatu na ya nne ndo shida: ombi la 800,000 limeidhinishwa Jumatatu, Alhamisi mtu kaingia kwenye orodha kabadilisha kiasi, alama ya kuidhinishwa imebaki pale pale. Likishaidhinishwa lifungwe, mtu akitaka kubadilisha lirudi mwanzo.

#19 Nyasa_Coder
Mkaguzi uko sahihi, na SharePoint inatunza matoleo ya zamani ya kila rekodi ukiiwasha hiyo sehemu, ila kuifunga rekodi baada ya kuidhinishwa lazima uibadilishie ruhusa mwenyewe ndani ya mtiririko. Wengi hawafanyi.

#20 Mkinga_Mjasiriamali
Mi nawashangaa mnalipia leseni kila mwezi kwa kila kichwa. Nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, Makambako, Njombe na Tunduma, natumia ERPNext, programu ya kuendesha biashara, ya bure, tumeweka kwenye seva ya kukodi. Mtiririko upo humo humo, unaandika hatua, unasema nani mwenye cheo gani anaruhusiwa kusogeza kutoka hapa kwenda pale, na hati ikishawasilishwa haihaririwi, unaibatilisha unatengeneza marekebisho. Hilo la Mkaguzi limeshatibiwa.

#21 Mwanjelwa_Express
Mkinga na vya bure mnajuana 😀 Ila niulize, bakapu anachukua nani? Umeme ukikatika kwenye duka la Tunduma, mauzo wanaandika wapi?

#22 Mkinga_Mjasiriamali
Bakapu inajichukua kila usiku saa 6 inakwenda kwenye seva nyingine, na kila mwezi najaribu kuirudisha nione kama inafunguka. Umeme ukikatika wanaandika kwenye daftari, ukirudi wanaingiza. Daftari halitaondoka dukani kwangu, na sioni aibu yoyote.

#23 BaridiYaMakete
Na Odoo je, nayo si ya kuendesha biashara? Maana kuna jamaa alitushauri hiyo.

#24 Nyasa_Coder
Odoo nzuri, ni ya Ubelgiji, ila ile moduli ya kuidhinisha maombi iko kwenye toleo la kulipia. Toleo la bure utalazimika kuandika ya kwako. Kwa wenye SharePoint kuna kitu kingine, msiweke maombi yote ya miaka kwenye orodha moja, ikifika 5,000 inagoma.

#25 MzeeWaKabwe
Sasa na mimi nikurekebishe kijana wangu, tuwe sawa. Orodha haigomi kwa 5,000, inaweza kubeba hadi rekodi milioni 30. Hizo 5,000 ni kikomo cha kuonyesha na kuchuja kwa mara moja. Ukiweka faharasa (index) kwenye safu unazochujia mapema, kama tarehe na hali ya ombi, utaendelea vizuri. Kosa ni kusubiri hadi zimejaa ndo uanze kuhangaika.

#26 Nyasa_Coder
Nakubali mzee. Ndaga.

#27 Muuguzi_Rungwe
Samahani naingilia. Mnaongelea likizo, kuna jambo linanikera. Sehemu nilipokuwa kabla ya hapa, ukiomba ruhusa ya ugonjwa unaambatanisha karatasi ya daktari kwenye mfumo. Karatasi ile inakaa kwenye folda ambayo idara nzima inaifungua. Mwenzetu mmoja alijulikana ugonjwa wake na watu ambao hata hawafanyi naye kazi. Toka siku hiyo watu wakaacha kuambatanisha, wanapeleka mkononi kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi. Kwa hiyo mleta mada, karatasi nyingine zinabebwa kwa sababu mtu anajilinda.

#28 DadaWaUyole
Pole sana muuguzi. Na hiyo sasa ni kosa kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Folda ya viambatanisho inatakiwa ifunguliwe na wawili tu, mwombaji na afisa utumishi, wengine waone neno "kimeambatanishwa" basi. Msimamizi wa zamu hana haja ya kujua mtu anaumwa nini, anahitaji kujua atarudi lini.

#29 MtumishiWaUmma
Wakuu na mimi niongezee ya masijala maana nimekulia humo. Kwenye jalada la serikali, dokezo halitembei peke yake. Linakuja ndani ya faili, bosi akifungua anaona folio ya nyuma, anaona mwaka jana alikataa nini na kwa nini, anaona afisa kaandika nini, naye anaandika chini yake kwa mkono. Anaidhinisha akiwa na historia yote mbele yake. Serikalini siku hizi tuna e-Ofisi na faili linatembea hivyo hivyo na madokezo yake. Lakini mifumo mingi ya makampuni inampa bosi kiboksi: "lita 40, kubali, kataa". Anakubali kitu gani? Hajui mwezi huu zimeshatoka lita ngapi. Mtu makini hawezi kubofya hapo. Atamwambia mwombaji aje, ili amuulize.

Kwa hiyo Kinyanambo, anayesita kubofya huenda ndiye makini kuliko wote.

#30 Kinyanambo_Boy
Hapo mtumishi umeongea, nimeelewa. Ila bado nina swali, mbona wengine wanapenda watu wapange foleni mlangoni? Nimefanya kazi chini ya mtu ambaye mlango wake asubuhi una watu 10 na anafurahi. Mfumo ulipokuja foleni ikaisha, akaanza kusema mfumo una makosa. Usiniambie huyo alikuwa anatafuta historia.

#31 MamaStoo
Mwanangu wote wapo. Huyo yupo na yule yupo.

#32 Mwanjelwa_Express
Mama nakukubali sana. Ila uzi huu umenifanya nikumbuke, mvua zimeanza huko? Mbeya mjini tangu juzi ni ukungu tu, nina mzigo wa viazi unashuka kutoka Isyonje nauhofia.

#33 BaridiYaMakete
Huku inanyesha mchana inaacha jioni. Barabara ya kushuka inapitika ila funga minyororo.

#34 Mwanjelwa_Express
Asante mkuu.

#35 FundiMifumo_Iringa
Wakuu nimerudi, samahani nilipotea siku mbili. Ushauri wa DadaWaUyole niliufuata, nikaenda Mafinga na kumwomba yule kijana anipe bahasha yake ya wiki hii nitembee nayo mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kusema neno.

Niliyoyaona ni haya. Fomu ya dizeli ya karatasi mbele ina kila nilichokiweka kwenye mfumo: gari, lita, kazi, tarehe. Nilipoigeuza nyuma nikakuta imejaa maandishi ya penseli. "Lori la pili limelala Kitonga, hili linaenda kuchukua mzigo wake." Chini yake mwandiko mwingine: "Deni la lita 20 la Jumanne litolewe humu." Chini tena namba ya simu ya dereva. Na pembeni kabisa msimamizi wa kiwanda kaandika "nimeongea na Makambako wana akiba, toa 25". Karatasi ile ilikuwa imeomba 40, imetoka na 25, na mbele haikubadilishwa kitu, mhasibu aligeuza nyuma akasoma akalipa ya 25.

Nikamuuliza msimamizi kwa upole, mzee kwa nini kwenye mfumo huwa hujibu? Akaniambia "Kijana, pale unaniuliza arobaini ndiyo au hapana. Jibu langu ni ishirini na tano." Halafu akasema akikataa dereva analala njiani, akikubali anakuwa kadanganya, kwa hiyo anaacha kwanza hadi mtu aje.

Nimekaa kwenye benchi pale nje ya ofisi yake muda mrefu. Mimi hiyo nyuma ya karatasi sikuwahi kuiona kwa sababu nilipewa fomu mpya, haijaandikwa.

#36 DadaWaUyole
Hongera kwa kwenda. Nimesoma hii mara mbili.

#37 Mkaguzi_Ndani
Na mimi nimeisoma kwa jicho langu. Ombi la 40, malipo ya 25, na ushahidi ni penseli nyuma ya karatasi. Mkuu samahani, lakini hiyo nyuma ya karatasi ndo sehemu ambayo kwingine nimekuta dizeli ikipotelea. Usiihamishe yote kwenye mfumo kama ilivyo kwa sababu tu watu wameizoea. "Deni la Jumanne" ni deni la nani? Lilisainiwa wapi?

#38 MtumishiWaUmma
Mkaguzi ana hoja ila ukiwanyima nafasi ya kueleza watarudi kwenye basi na bahasha. Wape kitufe cha tatu, "kubali kwa kiasi kingine", na sababu iwe ya lazima kuandikwa, na chini yake waone lita zilizotoka mwezi huu kwa gari hilo.

#39 Nyasa_Coder
Kitufe cha tatu kinawezekana, Power Automate inaruhusu majibu ya kujitungia badala ya kubali na kataa pekee. Kiasi kipya itabidi kiingie kwenye maoni au ukijengee fomu ndogo. Ya fomu ni bora, maoni hayahesabiki.

#40 MamaStoo
Na anayekataa alazimishwe kuandika sababu. Msisahau trekta langu.

#41 FundiMifumo_Iringa
Sijakusahau mama, hiyo nimeiweka jana usiku kabla ya yote. Kitufe cha tatu naanza nacho Jumatatu kwa ombi la dizeli tu, mengine nayaacha kwanza. Mkaguzi, lile deni la Jumanne nimeuliza watu watatu nimepewa majibu matatu. Mwenye uzoefu wa kufunga hesabu ya mafuta kwa malori yanayokwenda Dar naomba aniambie, zile lita zinazoazimwa dereva kwa dereva njiani nyie mnaziandika wapi?

#42 Mkinga_Mjasiriamali
Hizo mkuu sijawahi kuona ofisi iliyoziweza. Ngoja nimuulize dereva wangu wa Tunduma akirudi, nitakuja kuandika hapa.